Diski Mpya na Sura ya Saba

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi, na mimi nimeanza daftari hili. Sababu ni moja tu: kungoja. Kompyuta yangu inachukua dakika kumi na moja kuwaka. Nimeipima kwa saa ya ukutani, sitii chumvi. Nabonyeza, inaunguruma, inanionyesha kiduara kinachozunguka, halafu inakaa kimya kama mtu anayejaribu kukumbuka alikoacha viatu. Kisha dakika nne nyingine za kufungua faili. Nimechoka kuzimaliza kwa kutazama ukuta.

Kwa atakayeliokota daftari hili: mimi ni mtafsiri. Zamani nilikuwa mwalimu wa sekondari, nikaacha mwaka jana kwa hiari yangu, na ndugu zangu wote wakasema nimemwaga unga kwa mikono yangu mwenyewe. Kazi kubwa ya kwanza niliyopata ni hii: kitabu cha mwongozo cha wakunga, sura kumi, kutoka Kiingereza. Chuo cha wauguzi kinakitaka tarehe thelathini Aprili, kiwahi kuchapwa kabla wanafunzi wapya hawajaingia. Nikichelewa, wanafunzi watasomea kile cha zamani mwaka mwingine mzima, na mimi nitarudi kuomba vipindi kwa mwalimu mkuu yule yule niliyemuaga kwa mbwembwe. Niko sura ya nne.

Jumatano, 6 Machi

Baba mkwe amefika. Paa la nyumba yake limeezuliwa ili liezekwe upya, na fundi wa paa ameikimbia mvua. Mume wangu yuko kwenye mradi wa barabara, hurudi mara moja kwa mwezi, kwa hiyo tutakuwa wawili. Amekuja na mkoba mmoja, redio, na koti zito la mvua.

"Sitakusumbua, mwanangu," alisema. "Wewe fanya kazi zako."

Nimemshukuru. Katika miaka yote ya ndoa sijawahi kukaa naye peke yetu zaidi ya saa moja. Ni mtu wa maneno machache, na watu wa maneno machache hunitia wasiwasi, kwa sababu nabaki nikiwasemea mimi kichwani mwangu.

Jumamosi, 9 Machi

Ngurumo ya kwanza. Nilikuwa jikoni. Niliporudi chumba cha kazi nilikuta kioo cheusi, na baba amesimama na waya mkononi.

"Radi, mwanangu. Nimechomoa kila kitu. Jokofu, pasi, na hiyo yako."

Betri ya kompyuta yangu ilikufa zamani. Ukichomoa waya, basi, imezimika hapo hapo. Kurasa mbili zimekwenda na maji. Nikasema ahsante, baba. Ningesema nini?

Jumapili, 10 Machi

Mvua. Nimezirudia zile kurasa mbili. Za jana zilikuwa nzuri zaidi, au najidanganya.

Jumatano, 13 Machi

Amechomoa tena. Safari hii nilimweleza taratibu, kwa sauti ya darasani, kwamba mashine inataka kuzimwa kwa hatua, na kwamba ikikatwa ghafla kazi inapotea.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Nilifanya kazi miaka thelathini kwenye mitambo ya simu," alisema. "Nimemwona mwenzangu akirushwa kutoka kwenye kiti mpaka ukutani. Radi ikiingia kwenye waya, mwanangu, haiulizi umefika ukurasa wa ngapi."

Sasa nahifadhi kila aya, na kila kuhifadhi kunachukua nusu dakika. Nimejifunza kunywa chai kwa mafundo ya nusu dakika.

Jumapili, 17 Machi

Mume wangu amepiga simu. Nimemlalamikia mashine, sikumlalamikia baba yake.

"Nunua mpya," alisema.

"Hii ina ubaya gani?"

"Ina miaka tisa, mke wangu. Iache ipumzike."

"Nimeizoea. Herufi R imefutika lakini kidole kinajua ilipo."

"Basi nenda kwa fundi akubadilishie diski. Siku hizi kuna zile za kasi. Ofisini walitubadilishia, nikadhani nimeletewa mashine ya mtu mwingine."

Nimesema nitafikiria. Mume wangu hupenda kitu chochote kilichobadilishwa ofisini kwake.

Jumatano, 20 Machi

Nimekwenda kwa fundi. Mtaa mzima unamwita Bisibisi, kwa sababu anatembea nayo sikioni kama karani wa zamani na kalamu yake. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, duka lake ni la upana wa mlango na nusu. Aliiwasha mashine yangu, akaitazama ikihangaika, akaniangalia kwa huruma.

"Dada, ubongo wa hii ni mzima kabisa. Miguu ndiyo inaburuta. Diski yako ni ya kizamani, ndani kuna sahani inazunguka na kijisindano kinatafuta. Hizi mpya, zinaitwa SSD, hazina kitu kinachozunguka. Ukibonyeza, itawaka kabla hujakaa kitini."

"Na tafsiri itakwenda haraka?"

Alicheka. "Hiyo siuzi."

Anataka siku mbili: kunakili kila kitu, kuweka diski mpya, kupanga programu upya. Siku mbili! Nimerudi nyumbani nikakaa kitako nikapiga hesabu. Robo saa kwa siku, siku arobaini na moja zilizobaki, jumla saa kumi na dakika kidogo. Siku mbili za kazi ni saa kumi na sita. Nipoteze saa kumi na sita ili niokoe kumi? Haina maana. Nitabadilisha nikishamaliza kitabu. Nimejiona nina akili sana.

Wakati naondoka, Bisibisi alinifuata hadi mlangoni. "Basi nakili kazi zako kwenye flashi, dada. Usilale bila kunakili."

Nilisema sawa.

Jumapili, 24 Machi

Sura ya sita imekwisha. Nimenakili zote sita kwenye flashi. Imechukua saa nzima na robo, mashine ikikoroma, nami siwezi kufanya kitu kingine chochote. Sitarudia upuuzi huu mpaka sura ya tisa.

Alhamisi, 28 Machi

Nimemkosea adabu baba mkwe, na niandike nilivyosema ili nisije nikajipamba baadaye.

Tangu Jumatatu niko sura ya saba, kutoka damu baada ya kujifungua. Ndiyo sura ngumu kuliko zote. Kila sentensi ni amri, na kila amri inatakiwa ieleweke na mkunga mwenye hofu anayesoma huku mikono yake ina kazi. Leo nilikuwa nimefika mahali pazuri, maneno yanakuja yenyewe, nikatoka kwenda kuanua nguo kwa sababu wingu lilikuwa limetanda. Kuingia, kioo cheusi. Hata ngurumo yenyewe ilikuwa mbali, ya kusikia kwa kutega sikio.

"Baba," nilisema, "hii ni kazi yangu. Ndiyo inayonilisha. Naomba usiguse vitu vyangu tena. Hata nyumba ikiungua."

Alinitazama. Akauweka waya juu ya meza, polepole, kama kitu cha mtu.

"Sawa," alisema, na akaenda chumbani kwake.

Nilikuwa na haki. Nimeiandika sentensi hiyo na nimeisoma mara tatu, na bado hainistareheshi.

Jumanne, 2 Aprili

Tunasalimiana tu. Anakula, anaosha sahani yake mwenyewe, anarudi chumbani. Redio yake ameipunguza hata siisikii.

Jumatatu, 8 Aprili

Sura ya saba imekwisha, alhamdulillahi. Mashine imeanza kutoa mlio, ka, ka, ka, kama mtu anayegonga jino kwa ukucha. Inachukua dakika kumi na tisa kuwaka sasa. Nimeifikiria flashi. Saa nzima na robo! Labda kesho.

Ijumaa, 12 Aprili

Imekufa.

Naandika jioni na chai yangu imepoa. Mchana ilipiga radi kubwa kuliko zote za msimu huu, madirisha yakatetemeka. Mimi nilikuwa mezani, naanza sura ya tisa. Baba alitoka chumbani, akasimama mlangoni mwangu. Aliutazama waya ukutani, akanitazama mimi, akafumbata mikono nyuma ya mgongo. Hakugusa kitu. Nilimwona kidole kinavyomcheza. Tulikaa hivyo, yeye amesimama na mimi nimekaa, mpaka ngurumo zikapita, na umeme haukukatika hata mara moja.

Na nusu saa baadaye, mvua imeshakuwa ya rasharasha tu, mashine ikafanya ka, ka, ka, ka, kioo kikawa cha buluu, kikawa cheusi. Niliwasha. Haikuwaka. Niliwasha tena. Nilishika tama nikalia kama mtoto, kwa sauti, sikujali nani anasikia. Sura ya saba, ya nane, na mwanzo wa tisa hazikuwa mahali popote duniani isipokuwa humo ndani, na zilikuwa zimebaki siku kumi na nane.

Baba alikuja na koti lake la mvua. Aliifunika mashine kwa koti, akaikumbatia kifuani, akasema, "Fundi wako yuko wapi? Twende kabla hajafunga."

Nilimfuata nikiwa na ndala.

Bisibisi aliifungua pale pale, akaichomeka diski kwenye mashine yake, akasoma. Uso ulimbadilika. "Hii ina makovu. Makovu mengi. Nani anaichomoa hii ikiwa katikati ya kuandika?"

"Umeme wa mtaani kwetu," nilisema haraka. "Unakatika ovyo."

"Si umeme," alisema baba. "Ni mimi. Nachomoa mimi. Radi ikipiga nachomoa."

Wateja wawili waligeuka. Bisibisi alitazama bisibisi yake.

"Basi, mzee, umenipa kazi," alisema, bila ubaya. "Niachieni hadi Jumatatu. Nitavuna kitakachovunika. Na dada, safari hii diski nabadilisha, hatuulizani."

Njiani kurudi mwavuli ulikuwa mmoja. Aliushikilia upande wangu, na tulipofika nyumbani bega lake la kushoto lilikuwa chapachapa. Nilitaka kumwambia kwamba nami nina sehemu yangu: fundi aliniambia ninakili, na sikunakili. Sikusema. Nimesema hapa.

Jumatatu, 15 Aprili

Sekunde kumi na nne. Nimebonyeza, nimevuta kiti, na tayari ilikuwa inanisubiri. Faili zinafunguka kabla sijaondoa kidole. Nilitakiwa kushangilia.

Bisibisi ameokoa sura ya nane yote na vipande vya tisa. Sura ya saba haipo. Faili lipo, jina lipo, ukilifungua kuna viboksi na alama za kuuliza kurasa arobaini. Alijaribu njia tatu. "Palepale ndipo palipoumia zaidi," alisema. "Samahani sana, dada."

Siku kumi na tano. Sura ya saba ilinichukua wiki mbili peke yake, na bado kuna tisa na kumi.

Jumanne, 16 Aprili

Nimekaa mbele ya mashine ya kasi nikiwa sina la kuiambia. Saa nne baba alibisha hodi. Ukiacha siku ile ya koti, tangu aje hajawahi kuingia chumba hiki bila ngurumo.

"Nasikia inabidi uanze upya."

"Ndiyo, baba."

"Hicho kitabu cha Kiingereza, macho yako yanakwenda kwake na kurudi kwenye kioo, kwenda na kurudi. Nimekuona. Unapoteza mahali ulipofika." Alivaa miwani. "Mitambo ya simu kazi yetu ilikuwa kusoma na kusikiliza. Nipe nikusomee. Wewe andika tu."

Nusura nikatae. Nikamvutia kiti.

Jumatano, 17 Aprili

Kurasa tatu. Anasoma Kiingereza cha kizamani, kila herufi inapata haki yake. Kisha ananiuliza, "Sasa hapo utasemaje?" Nikimjibu, hukunja uso. "Hilo neno mimi silijui. Mkunga atalijua?" Nafuta. Naandika jingine. "Hilo nalijua," anasema, na anaendelea.

Alhamisi, 18 Aprili

Kurasa tano. Redio yake imehamia chumba cha kazi, imezimwa, kwa heshima ya kazi.

Jumapili, 21 Aprili

Leo tulifika sehemu inayosema mama asiachwe bila uangalizi. Alisoma, na hakuuliza nitasemaje. Nilidhani amepoteza mstari.

"Mama yenu alikufa hivi," alisema.

Mimi niliambiwa kwamba mama mkwe aliugua ghafla, wifi yangu akiwa mchanga. Hivyo tu. Hata mume wangu anajua hivyo tu. Niliondoa mikono kwenye vibonyezo.

"Wifi yako alizaliwa saa tatu asubuhi, mzima, analia. Wakanitolea nikamwona. Mkunga akaniambia, mkeo anapumzika, kaa hapo kwenye benchi. Halafu yeye akaitwa wodi ya pili. Nikakaa. Mikono magotini. Sikujua kwamba kuna kitu cha kufanya. Alivyorudi, ilikuwa imeshakwisha. Shuka lote damu." Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu. "Miaka arobaini na moja. Tangu siku hiyo, jambo likija, mimi siwezi kukaa na mikono mitupu. Hata kama ni kuchomoa waya tu. Nisamehe, mwanangu."

Nilimwambia mimi ndiye wa kusamehewa. Nilimwambia habari ya flashi, na hesabu yangu ya saa kumi na sita. Nilimwambia nilimchukia wiki mbili nzima. Alisema alijua, kwa sababu nilikuwa namwekea chai bila kumtazama.

Kisha akarudi kwenye mstari. "Usiandike uangalizi. Andika: Usimwache peke yake, hata ukiitwa."

Kiingereza hakisemi hivyo. Nimeandika hivyo.

Jumatano, 24 Aprili

Sura ya saba imekwisha mara ya pili, siku nane badala ya wiki mbili, na ni bora kuliko ile iliyopotea. Naijua ile, nilikuwa nayo.

Mume wangu ameuliza kwenye simu kama diski mpya ina faida. Nimejibu kwa haki. Haikunipa sentensi hata moja. Sentensi hazijui zinaandikiwa juu ya nini. Kwa mtu wa barua mbili kwa wiki, nisingemshauri akimbilie. Lakini nanakili kazi yote kwenye flashi kila jioni, na inachukua muda wa kufunga dirisha, kwa hiyo sina tena kisingizio. Nikitaka kufuta neno nililoandika juzi, nalifuata na kulifuta, siliachi kwa uvivu wa kungoja. Nimegundua kwamba ile mashine ilikuwa inanifundisha kuridhika na kazi mbovu, na mimi nilikuwa naiita subira. Kwa hiyo ndiyo, ina faida. Ningeibadilisha tarehe ishirini Machi ningekuwa na usingizi wangu.

Nimemwambia pia kwamba ampigie baba yake simu, na amuulize habari za mama yake. Alisema atampigia.

Jumamosi, 27 Aprili

Tisa na kumi. Mgongo.

Jumatatu, 29 Aprili

Mvua imepungua. Paa la baba limekamilika, fundi wa paa amejitokeza kama hakuna kilichotokea. Baba anaondoka kesho.

Kitabu kimekwisha leo saa nane mchana. Nilitaka kukipitia mara ya mwisho usiku na kukituma kesho, tarehe yenyewe. Baba alikuja akaketi kwenye kiti chake.

"Nisomee ya saba," alisema. "Yote. Bila kusimama."

Nilimsomea. Nini cha kutazama, nini cha kufanya dakika ya kwanza, nani wa kuitwa, jinsi ya kulisugua tumbo la uzazi mpaka liwe gumu, sindano gani, mkono wapi. Alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza, aliyafumbua.

"Hiyo sindano. Wakati ule ilikuwepo?"

"Ilikuwepo, baba."

"Na kusugua tumbo?"

"Tangu zamani."

"Kwa hiyo ingewezekana."

Nilikuwa na majibu tayari mdomoni. Hospitali za wakati ule, siku zake zilikuwa zimefika, ni mipango ya Mungu. Yote yangemtuliza, na yote angejua kwamba namtuliza.

"Ndiyo, baba," nilisema. "Kama angekuwepo mtu wa kukaa naye na anajua la kufanya, ingewezekana."

Aliitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyetajiwa namba aliyokuwa anaitafuta. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Niliushika mkono wake, kitu ambacho sijawahi kukifanya, na tukakaa.

"Wanaanza lini kukisoma?" aliuliza baadaye.

"Kikichapwa. Mwezi wa sita, nadhani."

"Na bado unataka kukipitia."

"Usiku wa leo tu. Nitume kesho."

"Kuna kosa ndani yake?"

Nilifikiria. "Huenda koma mbili tatu."

"Basi tuma sasa hivi, mwanangu. Koma watazirekebisha wao."

Nikatuma. Baba aliinama mbele ya kioo, miwani mkononi, akitazama ule mstari mdogo ukijaa mpaka mwisho.

"Imefika?"

"Imefika, baba."